Usiku Mfupi wa Karembo

Siku ya kuniaga pale ofisini waliniomba niseme machache. Nilisimama, nikasema asanteni, nikaketi. Si kwamba sikuwa na maneno. Keki ilikuwa imeshakatwa, mkubwa wetu alikuwa akiangalia saa, na mimi tangu zamani sipendi kuhutubia watu walioshika vijiko. Tena kijana mmoja wenu, sitamtaja, alinivuta pembeni akaniuliza kama kweli kuna la kusimulia katika kazi ya kuingiza mkono ndani ya ng'ombe. Basi haya nimeyaandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu nyote mliobaki na mitungi. Nina nafasi sasa. Ng'ombe hawaniiti tena, na sikujua kwamba kutoitwa na ng'ombe kunaweza kumuuma mtu mzima hivi.

Mimi ni mwanamke wa Embu, upande wa Kianjokoma, kwenye majani chai na mvua. Nilipopangiwa Ruiri, huku Meru, nilidhani lugha haitanisumbua, maana Kiembu na Kimeru ni ndugu. Ni ndugu kweli, ila ni wale ndugu wasiosalimiana. Nilielewa nusu ya niliyoambiwa, na ile nusu nyingine ndiyo iliyokuwa na maana. Kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, kile Kiswahili chetu cha mlimani ambacho mtu wa Mombasa akikisikia hutafuta mahali pa kukaa.

Asubuhi yangu ya kwanza Bwana Gitonga, aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, alinipa pikipiki, mtungi wa mbegu za fahali na jina la boma, kisha akarudi kwenye chai yake. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la mvua hata wakati wa kiangazi, na alikuwa akipandisha ng'ombe wa Buuri, eneo letu la kazi, tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nilipofika, mwenye boma alikuwa ameandaa kila kitu: maji moto kwenye karai, sabuni mpya, taulo jeupe juu ya kiti. Alinisalimia vizuri, akaangalia nyuma yangu barabarani, akaangalia tena.

"Daktari ako nyuma?" akauliza.

"Daktari ni mimi, mzee."

"Ni sawa. Basi shika hii mkia, akikuja apate imeshikwa."

Nikashika mkia, kwa sababu nilikuwa mgeni na mama yangu alinilea na adabu. Baadaye adabu ikaisha. Nikamkabidhi mkia wake, nikavaa glavu mpaka begani, nikafanya kazi niliyotumwa, naye wakati wote akitazama barabarani. Ng'ombe yule alizaa ndama jike, mzee akawa mteja wangu mpaka alipofariki. Lakini lile taulo jeupe sikuliona tena.

Mitungi yenu ni myepesi. Wa kwetu ulikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la pili aliyelala, na tuliufunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tairi. Ukiufungua, ule moshi wa baridi unamwagika mpaka chini, na watoto wa Ruiri wanatimua mbio wakipiga mayowe ya furaha. Humo ndimo ilimokaa mirija ya mbegu zilizogandishwa. Kuiyeyusha tulitumia maji ya chupa ya chai. Kipimajoto cha ofisi kilikuwa kimevunjika kabla yangu, na kila mwaka tuliahidiwa kingine, kwa hiyo Bwana Gitonga alinifundisha kupima maji kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga.

"Kiwiko ikinyamaza, maji iko sawa," alisema.

Alinifundisha pia kufumba macho mkono wa kushoto ukishaingia ndani, kwa kuwa macho hapo hayana kazi ila kuona mkia. Na alikuwa akimwimbia ng'ombe. Hakuwa na sauti nzuri, na wimbo wenyewe ulikuwa wa kanisani, wa mazishi. Ng'ombe walitulia. Nami niliurithi wimbo huo nikautumia mpaka siku yangu ya mwisho kazini, na nikiwa mazishini watu wanapouimba huwa natafuta ng'ombe kwa macho.

Lakini fundisho lake kubwa halikuwa la mkono wala la maji. Hilo alinipa tukiwa Makutano, pale mjini Meru, tumeketi juu ya magunia nje ya duka la dawa za mifugo, tukingoja gari la kuleta gesi ya baridi ya mitungi, ambalo siku zote lilikuwa njiani.

"Wawira," akaniambia, "ukienda kwa boma ya watu, uliza maziwa ya asubuhi. Uliza mpaka uchoke. Ya jioni, usiulize."

"Na nikitaka kujua ng'ombe anatoa kiasi gani kwa siku?"

"Utajua ya asubuhi. Ya jioni ni ya mama. Haiulizwi."

Nyinyi mliozaliwa baada ya hapo labda mmeyakuta haya yakiwa yamefifia. Maziwa ya asubuhi yalibebwa hadi lori la maziwa, yakaandikwa kwa jina la mwanaume, na malipo yakaenda kwake. Ya jioni hayakuwa na lori. Yalibaki jikoni kwa mama: ya chai, ya watoto, ya kumpa jirani aliyejifungua, ya kubadilisha na maharagwe, na yaliyobaki yalikwenda alikojua yeye. Mwanaume aliyeuliza yameenda wapi alionekana mtu asiye na kazi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na katika miaka yangu yote Buuri sikuona sheria nyingine iliyofuatwa vizuri hivyo. Siku lori lilipoanza kuchukua ya jioni pia, wanawake wa Ruiri hawakuandamana. Ng'ombe wao tu ndio walianza ghafla kukauka jioni, boma baada ya boma, na lori likaacha kuja.

Hata mimi nilikuwa na siri zangu ndogo. Nilipoolewa, tena kwetu Embu, nilikuwa nikirudi nyumbani kila Jumamosi nimevaa sketi pana juu ya suruali ya kazi. Huwezi kupiga goti nyuma ya ng'ombe na sketi, wala huwezi kuingia kwa mama mkwe na suruali, basi nilivaa vyote viwili na kutembea kama mtu aliyebeba godoro. Suruali niliifua chumbani na kuianika chini ya kitanda, ikinuka ukungu. Jumatatu moja nilipotaka kuondoka sikuiona. Nikatoka nje roho mkononi. Mama mkwe alikuwa ameifua upya na kuianika kwenye kamba ya mbele, ile inayoonekana na watu wote wanaokwenda kanisani na sokoni. Alikuwa akiipiga pasi kwa kiganja.

"Hii kitu ikianikwa kwa giza itaoza," akasema. "Na unaenda nayo kazi."

Hatukuzungumza tena habari ya suruali mpaka alipoaga dunia. Nampenda bado.

Sasa nifike kwa Kathure, kwa sababu ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Boma lake lilikuwa chini kidogo ya kituo cha Ruiri, pale ambapo udongo unaanza kuwa mwekundu na upepo hauna haya. Mumewe aliitwa M'Ikiara, mzee wa kanisa, mrefu, asiyepaza sauti, mwenye kofia ambayo hakuivua hata akila. Walikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Karembo, mweusi na mweupe, mpole mpaka unamwonea huruma. Kathure ndiye aliyemshika kamba kila nilipokuja. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Ukimwuliza habari za nyumbani angekuambia habari za mahindi.

Siku moja, nikiwa na mkono ndani ya Karembo na macho nimeyafumba, aliniambia mambo yake. Nadhani ilikuwa rahisi kwake kwa sababu sikuwa nikimtazama.

"Gakii amerudi," akasema.

Gakii alikuwa binti yao, aliyeolewa Kiirua. Kwa nini alirudi sikuhitaji kuuliza. Nilikuwa nimemwona Makutano wiki hiyo, na kitambaa alichojifunga kilishuka chini sana upande mmoja wa uso.

"Ako hapa?"

"Ako Majengo, huko mjini. Amekodisha chumba, na mtoto. Hapa baba yake amekataa."

M'Ikiara hakuwa mtu katili, na nataka mlielewe hilo, maana mkatili ni rahisi kumsimulia. Shida yake ilikuwa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Watu wa Kiirua walipomwoa Gakii walileta mtamba mwenye mimba, na mtamba huyo M'Ikiara alikuwa amemtoa mahari kwa watu wengine alipomwozesha mwanawe wa kiume. Hayupo tena. Na kwa desturi, msichana akitaka kutoka, kilicholetwa kinarudi kwanza. Kisiporudi, yeye ni wao bado, na mtoto ni wao, na mume akija kubisha mlango Majengo hakuna mzee wa kumkemea. Alikuwa amekuja kubisha mara nyingi. Chifu alisema sheria ipo, na ni kweli ipo. Lakini sheria ilikuwa ofisini, na mlango wa Gakii ulikuwa na komeo la mbao.

"Ng'ombe ya wenyewe iliingia kwangu," M'Ikiara alimwambia kila aliyemsihi. "Siwezi kula ng'ombe ya mtu na nikae na bibi yake."

Kathure hakubishana naye. Hakwenda kwa mchungaji, hakulia kanisani, hakuacha kumpikia. Alifanya kitu kimoja tu. Alikwenda kwa jirani, mama mmoja mjane ambaye ng'ombe wake alikuwa amezaa ndama jike na kukauka kabla ya wakati, na watoto wake hawakuwa na maziwa. Wakapatana jikoni kwa dakika chache: Kathure ampelekee maziwa ya jioni, yote, kila siku, mpaka ndama atakapokuwa ameacha kunyonyeshwa kwa ndoo. Siku hiyo ndama atakuwa wa Kathure.

"Maziwa ya jioni yatatosha?" nikamwuliza, nikiwa na akili ya ofisi.

Kathure akamkuna Karembo shingoni. "Itatosha," akasema.

Wakati huo sikujua angefanyaje. Karembo alikuwa ng'ombe wa kawaida, na ng'ombe wa kawaida hutoa mengi asubuhi na machache jioni, kwa kuwa usiku ni mrefu na maziwa yana muda wa kujaa.

Miezi ikapita. Kisha M'Ikiara akatuma ujumbe ofisini: daktari aje haraka, Karembo ni mgonjwa. Nilipofika nilimkuta amesimama zizini na kofia yake, na Kathure ameshika kamba kama kawaida.

"Hii ng'ombe imeharibika," akasema M'Ikiara. "Asubuhi inatoa maziwa kidogo sana. Lori hata inanicheka. Nimeongea na mtu wa nyama wa Majengo, atakuja Jumamosi. Lakini nikasema kwanza daktari aone. Kama kuna dawa, sawa. Kama hakuna, iende."

Nikampima Karembo. Nilisikiliza tumbo, nikamshika kiwele, nikakamua kidogo kwenye kiganja nikaangalia kama kuna mabonge. Macho yalimeremeta, pua ilikuwa na unyevu, manyoya yaling'aa. Sikuwa nimeona ng'ombe mzima kama yule wiki nzima.

"Huwa anakamuliwa saa ngapi?" nikauliza.

M'Ikiara akajibu kwa fahari, maana alimpenda mkewe kwa namna yake. "Huyu mama hakuna mtu anamshinda. Anaamka kabla jogoo hajaamka. Mimi nikigeuka kwa kitanda, yeye ako huku tayari. Jirani wote wanasema Kathure ni mwanamke wa bidii."

"Na jioni?"

"Jioni akimaliza kazi yote. Watu wamekula, wamelala, ndio yeye anakuja kukamua."

Hapo nikaelewa. Kathure alikuwa ameusukuma mwisho wa jioni mbele na kuuvuta mwanzo wa asubuhi nyuma, mpaka usiku wa Karembo ukabaki kipande tu. Mchana ukawa mrefu, maziwa yakajaa mchana, na ya mchana hukamuliwa jioni. Hakuiba hata tone. Hakumwaga, hakuficha, hakudanganya mtu. Alihamisha saa tu, na kijiji kizima kikamsifu kwa bidii.

Nyinyi mmesoma, mnajua swali ambalo daktari yeyote lazima aulize pale: jioni anatoa kiasi gani? Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. M'Ikiara mwenyewe alilikaribia. "Mimi jioni sijui," akasema, "hiyo siulizi. Lakini wewe ni daktari. Wewe unaweza kuuliza."

Kathure hakuniangalia. Aliangalia kamba mkononi mwake. Nikisema Karembo ni mgonjwa, mtu wa nyama anakuja, na ndama wa jirani hatakuja kamwe. Nikisema ni mzima, mzee atataka kujua maziwa yameenda wapi, na jibu liko jikoni kwa mjane. Nilimfikiria Gakii na lile komeo la mbao. Niliogopa, nawaambia ukweli. Nimewahi kupigwa teke na fahali nisiogope vile.

Nikanawa mikono polepole sana.

"Mzee," nikasema, "hana ugonjwa. Hakuna dawa ya kumpa. Shida ya huyu ng'ombe ni moja. Usiku wake ni mfupi."

"Usiku yake ni fupi?"

"Ni mfupi. Hapati usiku wa kutosha kutengeneza maziwa ya asubuhi."

Kila neno lilikuwa la kweli, mngeweza kuliandika kwenye ripoti. M'Ikiara alivua kofia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akiivua. Akaangalia tope lililofika kwenye kwato za Karembo, akaangalia paa lililokuwa na matundu, na upepo wa Ruiri ukipita katikati ya mbao.

"Kweli," akasema. "Hapa mtu hawezi lala."

Wiki hiyo mtu wa nyama aliambiwa arudi Majengo mikono mitupu, na mzee wa kanisa akaonekana akibeba mawe. Alitengeneza sakafu ya zizi, akaziba ukuta, akaweka mabati na nyasi kavu za kulalia. Alianza hata kukata nepia, yale majani ya ng'ombe, mwenyewe jioni, jambo ambalo wanaume wa pale walilizungumzia kwa muda. Karembo alistarehe, akaongeza maziwa. Ya asubuhi yalipanda kidogo, kiasi cha kumridhisha lori. Ya jioni sijui yalipandaje. Sikuuliza.

Ndama alihamia kwa Kathure akiwa ameshaanza kula nyasi. M'Ikiara alimkuta amefungwa zizini, akamzunguka mara moja.

"Hii ni ya wapi?"

"Ya maziwa ya jioni," Kathure akajibu, na mzee akaenda zake.

Kathure alimlea ndama huyo kama mtu anavyoushughulikia mtihani wa mwanawe. Ndama alipokuwa mtamba mzima, Kathure aliniita, nikaja na mtungi, nikapima maji kwa kiwiko, nikaimba wimbo wangu wa mazishi. Nimepandisha ng'ombe wengi mno, wa watu wakubwa na wadogo, lakini ni huyo tu niliyemwombea. Mimba ilishika mara ya kwanza.

Siku ya kwenda Kiirua nilikwenda pia, kikazi. Watu wa kule walikuwa wamesema: tulileta mtamba mwenye mimba, turudishiwe mtamba mwenye mimba, na daktari athibitishe. M'Ikiara alikwenda na kaka yake mkubwa. Mtamba alikuja kwa pikapu, Kathure amesimama nyuma akimshika, kwa kuwa mtamba huyo alikataa kushikwa na mwingine. Langoni Kathure alimkabidhi mumewe kamba, akabaki nje ya ua, maana mambo ya ndani yalikuwa ya wanaume. Ya wanaume na mimi.

Baba mkwe wa Gakii, Mzee M'Imanyara, alikuwa ameketi na wazee wenzake. Mkewe alikuwa mlangoni pa jiko akimenya viazi, amewapa mgongo. Nikavaa glavu mbele yao wote, nikiwa na suruali yangu. Wazee wawili wakageuza uso. Nikafumba macho, nikatafuta, na pale ndani nikaguswa na kile kitu kidogo kinachoelea, kigumu, chenye uhai.

"Ana mimba," nikasema.

Nilidhani tumemaliza. M'Imanyara akainua fimbo.

"Hii mtamba imetoka kwa zizi ya nani? Sisi tulipatia mwanaume. Tunasikia watu wakisema hii ni mali ya mwanamke. Kitu ya mwanamke inawezaje kufungua kitu wanaume walifunga?"

Kaka yake M'Ikiara alimgusa kiwiko. Niliona midomo yake ikisema: sema ni yako. Lilikuwa neno rahisi, na hakuna ambaye angelipinga. Mtamba alikuwa ametoka zizini kwake, kamba ilikuwa mkononi mwake. Nilimwangalia Kathure kule nje. Alikuwa ameinamisha kichwa, tayari kupoteza na hilo pia, mradi Gakii atoke.

M'Ikiara akavua kofia.

"Ni ya mama yake," akasema. "Ni ya maziwa ya jioni."

M'Imanyara akacheka, si kwa ubaya sana, kama mtu aliyeshika kosa. "Maziwa ya jioni ya ng'ombe moja? Ikanunua mtamba? Hebu tuambie, hiyo maziwa ilikuwa mingi namna gani?"

Kisu kikaanguka kwenye sufuria ya viazi. Yule mama mlangoni pa jiko alisimama, akajifuta mikono kwenye leso, akageuka.

"Wewe baba," akamwambia mumewe mbele ya wageni wote. "Maziwa ya jioni haiulizwi."

Alipita katikati ya wazee, akachukua kamba mkononi mwa M'Ikiara, akamwongoza mtamba mpaka zizini, naye mtamba aliyekataa kila mtu akamfuata. Njia ya zizini ilipita langoni, na hapo alisimama kidogo mbele ya Kathure. Wale wanawake wawili waliangaliana. Sijui kama yule mama naye aliwahi kutafuta mlango wa kutorokea ambao hakuupata. Nadhani alimjua mwanawe, mume wa Gakii, vizuri kuliko sisi sote. Nyuma yangu M'Imanyara alikohoa, akaweka fimbo chini, akasema yale yanayosemwa: Gakii amerudi kwao, yeye na mtoto wake. Nililia ndani ya helmeti mpaka Ruiri, na pikipiki ikaenda zigizaga.

Wengi hudhani hapo ndipo hadithi ilipoishia, na mimi pia nilidhani hivyo. Lakini kuna asubuhi moja baadaye nilipokuwa nikipita kwa M'Ikiara njiani kwenda kwingine. Jua lilikuwa limeshatoka kabisa, lori la maziwa lilikuwa limeshapita. Nilimkuta M'Ikiara ameketi juu ya jiwe nje ya zizi, ndoo tupu katikati ya miguu, Karembo akimlilia akamuliwe. Kutoka nyumbani kulisikika sauti ya mtoto wa Gakii akicheka.

"Mzee, mmechelewa leo," nikasema. "Kathure ni mgonjwa?"

Akaweka kidole mdomoni.

"Amelala," akasema kwa sauti ya chini. "Wacha alale, daktari. Usiku yake ilikuwa fupi sana."